Futiboli ya Kimarekani: Kwa nini kocha huwatazama watano wa mbele kabla ya kuchagua mbinu?

Chukua mfano wa video fupi inayofika kwenye simu ya familia moja huko Ludara, wilayani Koboko, kutoka kwa jamaa waliohamia Marekani. Watu wa nyumbani wanainamia kioo kumtafuta kijana wao. Wanamwona: kofia ngumu kichwani, kinga nene mabegani, namba 70 mgongoni. Mpira unatolewa, watu wanagongana, kisha kijana mwingine anakimbia nao hadi mwisho wa uwanja na kushangiliwa. Wa kwao hakuugusa. Video ya pili inakuja, bado hakuugusa. Bibi anauliza swali lililo mdomoni mwa wote: mtoto huyu anacheza, au amewekwa pale kujaza nafasi?

Jibu linahitaji maelezo, kwa sababu futiboli ya Kimarekani haifanani na kandanda inayochezwa Koboko na Arua. Kwa ufupi ni hili: kijana anayesimama mahali hapo huenda ndiye ambaye kocha wake alimfikiria kabla ya mwingine yeyote. Yeye na wenzake wanne ndio wanaoamua ni mbinu zipi kocha anaweza kuzitumia, na zipi zitabaki karatasini.

Koboko, wilaya iliyomegwa kutoka Arua mwaka 2005 na inayopakana na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Sudan Kusini, imezoea kuwa na ndugu walio mbali. Familia nyingi zilizokimbia vita katika nchi hizo mbili zilipitia Uganda, na baadhi yake zikapelekwa kuanza maisha mapya Marekani. Mji wa Omaha, katika jimbo la Nebraska, ni miongoni mwa miji yenye jamii kubwa ya watu wenye asili ya Sudan Kusini. Watoto wanaokulia huko hukutana na mchezo huu shuleni, na wenye miili mikubwa mara nyingi huelekezwa kwenye safu ya mbele. Kwa baadhi ya vijana, kazi hiyo hufungua njia ya kusomeshwa chuo kikuu bila kulipa karo.

Mchezo wa majaribio manne

Kila timu huwa na wachezaji 11 uwanjani. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusonga mbele angalau yadi 10, yaani mita tisa na kidogo. Ikifaulu, hupata majaribio mengine manne. Isipofaulu, mpira huenda kwa wapinzani.

Tofauti na kandanda, mchezo husimama baada ya kila jaribio, na kabla ya jaribio linalofuata kocha huchagua shambulizi moja kutoka katika orodha ndefu ambayo timu imeifanyia mazoezi. Katika NFL, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani, muda huo kwa kawaida ni sekunde 40. Maagizo husafiri kwa redio hadi ndani ya kofia ya mchezaji anayeitwa kwotabeki, na redio hiyo hukatwa zinapobaki sekunde 15. Kwotabeki ndiye anayepokea mpira kwanza, kisha aurushe kwa mpokeaji aliyeko mbali, ampe mkimbiaji aliye karibu naye, au akimbie nao mwenyewe.

Mbele yake husimama watano. Katikati yupo senta, ambaye huinama na kuutoa mpira nyuma kupitia kati ya miguu yake. Kulia na kushoto kwake wapo walinzi wawili wa ndani, na nje yao walinzi wawili wa pembeni. Katika NFL wengi wao huwa na uzito unaozidi kilo 130. Sheria haiwaruhusu kudaka pasi ya mbele, isipokuwa mmoja wao ajitangaze kwa refa kabla ya jaribio kuanza. Kazi yao ni mbili: kumkinga kwotabeki anapotaka kurusha, na kufungua njia mkimbiaji anapopewa mpira.

Hesabu inayomfunga kocha

Mashabiki wa Onduparaka, timu ya Arua iliyopanda Ligi Kuu ya Uganda mwaka 2016, wanalifahamu jambo linalofanana na hili. Kocha mwenye mabeki watulivu humruhusu kipa aanze mpira kwa pasi fupi. Mwenye mabeki wanaobabaika humwambia aupige mbali, hata kama moyoni anapenda pasi fupi. Hapo mpango wa kocha umeamuliwa na miguu ya mabeki wake.

Katika futiboli ya Kimarekani kifungo hicho kinaweza kuhesabiwa kwa vidole. Ukiondoa watano wa mbele na kwotabeki, wanabaki watano wanaoruhusiwa kupokea pasi. Kama safu ya mbele ni imara, wote watano hukimbia kutafuta nafasi, na wapinzani hutawanyika kuwafuata. Lakini kama mlinzi wa pembeni upande wa kushoto anashindwa kila mara, kocha hulazimika kumbakiza mtu mmoja wa kumsaidia. Sasa wapokeaji ni wanne. Upande wa kulia nao ukiyumba, wanabaki watatu.

Wapinzani nao wana hesabu yao. Timu inayoweza kuivunja safu hiyo kwa watu wanne tu hubakiza saba nyuma. Watatu wanaotafuta pasi wanakutana na saba wanaowasubiri. Kwotabeki anatazama mbele na kukosa aliye huru, ingawa mkono wake ni ule ule uliosifiwa wiki iliyopita.

Baada ya hesabu ya watu huja hesabu ya muda. Pasi ndefu inahitaji mpokeaji akimbie mbali kwanza, na kwa hiyo kwotabeki asubiri. Safu imara humpa sekunde tatu au zaidi. Safu dhaifu humpa mbili. Katika sekunde mbili, pasi ndefu haiwezekani, na kurasa nzima za orodha ya kocha hufungwa. Anabaki na pasi fupi, na mbio za kwenda pembeni. Kuna pia ujanja wa kuwaachia wapinzani wapenye makusudi, kisha kumpa mpira mtu aliyejificha nyuma yao, lakini ujanja huo ukirudiwa mara nyingi hutambuliwa.

Miili inayosema na miili inayoficha

Watano hao huathiri uchaguzi wa kocha kwa njia nyingine isiyoonekana upesi. Mpinzani mwenye uzoefu hawatazami wenye mpira kwanza, huwatazama wao. Wakisukuma mbele, mkimbiaji ndiye atakayepewa mpira. Wakirudi nyuma hatua moja na kuinua mikono, ni pasi.

Kwa sababu hiyo, moja ya mbinu zinazopendwa na makocha ni kwotabeki kujifanya anampa mkimbiaji mpira, kisha kuuficha na kuurusha mbali. Wengi hudhani ujanja huo ni wa mikono ya kwotabeki. Ukweli ni kwamba watano wa mbele wasipousadikisha uongo huo kwa miili yao, hakuna anayedanganyika. Aidha, mbinu hiyo humlenga mpinzani anayeziogopa mbio za kweli, na mbio za kweli hutegemea safu hiyo hiyo.

Mfano upo kwa mzaliwa wa Kongo. Tshimanga Biakabutuka, aliyezaliwa Kinshasa mwaka 1974 na kukulia Kanada, alikimbia jumla ya yadi 313 katika mechi moja akiwa na Chuo Kikuu cha Michigan dhidi ya wapinzani wao wakubwa, Ohio State, Novemba 1995. Michigan ilishinda 31-23. Siku kama hiyo, kocha huendelea kuchagua mbio hadi wapinzani wachoke, kwa sababu njia inafunguka. Kasi ilikuwa ya Biakabutuka, lakini mlango ulifunguliwa na wengine.

Fainali tatu, kocha yule yule

Atakayetaka ushahidi kwamba safu ya mbele humfunga au kumfungua kocha na atazame fainali tatu za NFL zilizochezwa na Kansas City. Katika zote tatu kocha alikuwa Andy Reid, anayesifiwa kwa ubunifu wa mashambulizi. Katika zote tatu kwotabeki alikuwa Patrick Mahomes, miongoni mwa warushaji bora wa kizazi chake. Kilichobadilika ni watu waliosimama mbele yake.

Fainali ya kwanza ilichezwa tarehe 7 Februari 2021 dhidi ya Tampa Bay. Walinzi wote wawili wa pembeni waliozoeleka, Eric Fisher na Mitchell Schwartz, walikuwa majeruhi. Wengine walihamishwa kutoka nafasi zao ili kuziba mapengo. Tampa Bay mara nyingi ilituma watu wanne tu na kuwaacha saba nyuma. Mahomes alikimbizwa huku na huko jioni nzima. Kansas City ilishindwa 31-9, bila kuufikisha mpira mwisho wa uwanja hata mara moja. Alama zake tisa zilitokana na mikwaju mitatu.

Miezi iliyofuata klabu hiyo iliijenga upya safu yake, kwa kununua na kuchagua wachezaji wapya wa mbele. Tarehe 12 Februari 2023 ilirudi fainali kupambana na Philadelphia, timu ambayo katika msimu wa kawaida ilikuwa imewaangusha makwotabeki mara 70. Usiku huo haikumwangusha Mahomes hata mara moja. Reid alipata nafasi ya kutumia kila ukurasa wa orodha yake: mbio, pasi fupi, na wapokeaji waliohama upande kabla ya mpira kutolewa hadi wakabaki peke yao. Katika kipindi cha pili Kansas City ilipata alama kila iliposhika mpira, na ikashinda 38-35.

Kisha ikaja tarehe 9 Februari 2025, dhidi ya Philadelphia tena. Joe Thuney, mlinzi wa ndani hodari, alikuwa amehamishiwa pembeni kwa kukosekana mtu wa kutegemewa. Philadelphia haikuhitaji kutuma mtu wa ziada. Mahomes aliangushwa mara sita, na hadi mapumziko matokeo yalikuwa 24-0. Mechi iliisha 40-22. Kocha hakuwa amesahau kazi yake katika miaka miwili. Alikosa tu muda ambao mbinu zake zinauhitaji.

Mjukuu wa Kiwanuka upande wa pili

Waganda wana sababu yao ya kuufuatilia mstari huo wa mapambano. Mathias Kiwanuka, aliyezaliwa Indianapolis mwaka 1983, ni mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda na baadaye Jaji Mkuu, aliyekamatwa katika Mahakama Kuu mjini Kampala Septemba 1972, wakati wa utawala wa Idi Amin, na kuuawa. Mjukuu huyo alichaguliwa na New York Giants mwaka 2006. Kazi yake ilikuwa kinyume cha ile ya watano wa mbele: kuwavunja.

Giants waliijenga timu yao juu ya wavunjaji wa aina hiyo. Tarehe 3 Februari 2008 walikutana na New England, timu iliyoshinda mechi zote 18 za msimu na kufunga alama 589 katika mechi 16 za kawaida. Kiwanuka alikuwa nje kwa jeraha la mguu, lakini wenzake, akiwemo Osi Umenyiora mwenye asili ya Nigeria, walimwangusha kwotabeki Tom Brady mara tano. Timu iliyozoea wastani wa alama zaidi ya 36 ilipata 14. Giants walishinda 17-14.

Miaka minne baadaye, tarehe 5 Februari 2012, timu hizo zilikutana tena, safari hii Indianapolis, mji aliozaliwa Kiwanuka, naye akiwa kikosini. New England ilipopata mpira kwa mara ya kwanza ilikuwa karibu sana na mstari wake wa nyuma. Benchi lilichagua pasi ndefu. Brady alisubiri, akabanwa, akaurusha mpira mahali pasipokuwa na mtu. Refa aliamua kuwa ni kosa, na Giants wakazawadiwa alama mbili. Waliibuka washindi kwa 21-17. Uamuzi wa kurusha mbali kutoka mahali pale ulikuwa kama hundi iliyoandikwa na benchi, na safu ya mbele haikuwa na fedha za kuilipia.

Mbinu inayozaliwa na safu

Nguvu ya safu hufungua pia mbinu ambazo timu nyingine hazithubutu kuzitegemea. Philadelphia, mabingwa wa 2025, walikuwa na mlinzi wa pembeni aitwaye Jordan Mailata, Mwaustralia mwenye asili ya Samoa na urefu wa mita mbili na zaidi. Alikuwa mchezaji wa raga. Alipochaguliwa mwaka 2018, akiwa wa 233 katika orodha, hakuwa amewahi kucheza mechi hata moja ya futiboli ya Kimarekani. Alifundishwa kuanzia namna ya kusimama.

Nyuma ya safu hiyo, Saquon Barkley alikimbia yadi 2,005 katika msimu wa kawaida wa 2024. Na timu hiyo inapobakiwa na yadi moja tu, kila mtu uwanjani hujua kitakachofuata: watano wanainama na kusukuma, kwotabeki anajipenyeza nyuma yao, na wenzake wanamsukuma mgongoni. Mbinu hiyo ilifaulu kiasi cha wamiliki wa klabu kupiga kura mwezi Mei 2025 ili ipigwe marufuku. Kura 22 ziliunga mkono, zikahitajika 24. Kocha mwenye uhakika wa yadi moja huchagua tofauti hata katika majaribio yanayotangulia, kwa kuwa hana hofu ya jaribio la mwisho.

Gharama ya kazi hiyo

Familia inayomtazama kijana wake inapaswa kujua pia upande mgumu. Wachezaji wa safu ya mbele hugongana karibu katika kila jaribio. Ugonjwa wa ubongo unaohusishwa na mapigo ya kichwa yanayojirudia ulitambuliwa kwa mara ya kwanza kwa mchezaji wa futiboli ya Kimarekani na Bennet Omalu, daktari mzaliwa wa Nigeria, alipoupima ubongo wa Mike Webster, aliyefariki mwaka 2002. Webster alikuwa senta. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005, na mwaka 2016 afisa wa NFL alikiri mbele ya wabunge wa Marekani kwamba uhusiano huo upo. Mzazi anayeuliza jinsi mazoezi ya mtoto wake yanavyoendeshwa, na nani anayemchunguza akipigwa kichwani, anauliza swali la lazima.

Ipo pia futiboli isiyo na migongano, ambayo itachezwa katika Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028. Kila timu ina wachezaji watano, na badala ya kuangushwa, mwenye mpira huvuliwa kitambaa cha kiunoni. Kuwazuia wapinzani kwa mwili hakuruhusiwi. Kwa vile hakuna ukuta wa watu, sheria yenyewe humpa kwotabeki muda: anayetaka kumkimbilia moja kwa moja lazima aanzie yadi saba kutoka mstari ambapo mpira unatolewa. Bila muda huo, hakuna mbinu ambayo kocha angeweza kuichagua.

Kwa hiyo video nyingine ikifika Ludara, watazamaji wanaweza kuuacha mpira kwa sekunde tatu za mwanzo na kumtazama wa namba 70. Aliyesimama mbele yake amempita? Kama hakumpita, na mrushaji nyuma yake amesimama wima akitazama mbali bila haraka, bibi amekwisha kupata jibu lake.